Baridi inayopita chini ya mlango

Katika somo la leo tunataka kuongea juu ya kitu kidogo ambacho watu wanakipita kila siku bila kukiangalia: ule uwazi ulio chini ya mlango wa nyumba. Sisi wa mwaka wa tano sayansi tumesoma juu ya joto na hewa, na mwalimu alituomba tutafute mahali ambapo masomo hayo yanatumika nyumbani kwa wazazi. Tulichagua mlango, kwa sababu kila nyumba iko na mlango, na hapa kwetu milimani karibu kila mlango uko na uwazi.

Wengine watacheka: "Baridi gani? Hatuko Ulaya." Tufanye hesabu kwanza. Kisangani na Butembo ni miji miwili iliyo karibu kabisa na ikweta. Lakini Kisangani iko kadiri ya meta 400 juu ya usawa wa bahari, na Butembo inapita meta 1.700. Tunajua kwamba mtu akipanda mlima, kila meta 1.000 joto linapunguka kadiri ya digri 6. Tofauti ya miji hii inapita meta 1.300, ni kusema karibu digri 8. Kisangani wastani wa joto kwa mwaka ni karibu digri 25. Toa 8, inabaki 17. Tena hiyo ni wastani wa mchana na usiku pamoja. Saa kumi ya usiku tuko chini zaidi, na katika Lubero kuna vijiji vinavyopita meta 2.000. Ndugu zetu wa Lubumbashi nao wanajua mwezi wa 6 na wa 7, wakati usiku unaweza kushuka chini ya digri 10, na upepo wa kiangazi unaleta vumbi juu ya baridi. Basi baridi iko, na ikweta haiikatazi.

Juu ya nini mlango unabaki na uwazi? Si kila mara kosa la seremala. Sakafu ya udongo haiko sawa. Mara mingi inapanda kidogo ndani ya nyumba. Mlango unaofunguka kwa ndani unapaswa kupita juu ya sehemu iliyo juu kuliko zote, basi seremala anaukata kwa kipimo cha pale. Mlango ukifungwa, chini yake panabaki sentimeta moja ao mbili. Tena mbao mbichi ya eukalipti inajipinda ikikauka. Nyuma ya miaka kadhaa maji ya mvua yanarukia mbao za chini, zinaoza, na mchwa wanamaliza kazi. Uwazi wa unene wa kalamu unamtosha panya mdogo kuingia, na nyoka mwembamba pia. Kwa hiyo kazi tutakayoeleza inafaa hata kwa wale wasiosikia baridi.

HESABU YA UWAZI

Tuchukue mlango wenye upana wa sentimeta 80, na uwazi wa sentimeta 1 na nusu. 80 mara 1,5 ni sentimeta mraba 120. Ni sawa na kutoboa ukuta tobo la sentimeta 11 kwa 11, karibu kuipita ngumi ya mtu mzima. Hakuna mzazi anayeweza kuacha tobo kama hilo ukutani karibu na kichwa cha mtoto. Lakini chini ya mlango tunaliacha miaka mingi, kwa sababu limelala na kujinyoosha, na macho hayalioni.

Sasa hewa. Tuseme inaingia polepole, nusu meta kwa sekunde. Sentimeta 120 mara 50 ni sentimeta kubiki 6.000, ndiyo litri 6 kila sekunde. Kwa dakika moja ni litri 360. Kwa saa moja ni meta kubiki 21 na nusu hivi. Chumba cha meta 3 kwa 3, chenye urefu wa meta 2 na nusu, kinabeba meta kubiki 22 na nusu. Ni kusema kwa saa moja na kidogo hewa yote ya chumba imetoka na hewa ya nje imekalia nafasi yake. Blanketi haliwezi kushinda kazi kama hiyo usiku muzima.

Anayetaka kuona kwa macho afanye hivi, jioni, wakati nje kumekwisha kuwa baridi na ndani bado kuna joto la watu. Afungue mlango kidogo tu, kama upana wa vidole vitatu. Awashe mshumaa, ile tunaita buji, auweke chini karibu na sakafu. Ulimi wa moto utainama kuelekea ndani. Kisha aupandishe pole pole mpaka juu ya mlango. Pale utainama kuelekea nje. Katikati kuna mahali unasimama wima. Hewa ya joto ni nyepesi, inapanda na kutoka juu. Hewa ya baridi ni nzito, inaingia chini na kutambaa juu ya sakafu kama maji. Kama kuna upepo mkali jaribio halifaulu, mungoje siku ya utulivu. (Na muangalie mapazia, tafadhali.)

Sababu hiyo ndiyo inaonyesha ni nani anayeumia zaidi. Baba na mama wako juu ya kitanda. Watoto wadogo na wageni wako juu ya mkeka, na ule mto wa hewa ya baridi unapita kabisa pale walipo. Mkubwa anasema, "Leo baridi si nyingi," na mtoto usiku kucha amekunja magoti mpaka kidevuni. Wote wawili wanasema kweli.

TUZIBE CHINI, TUACHE JUU

Hapa tunaomba msome pole pole, kwa maana ndiyo kiini cha somo. Hewa mpya tunaihitaji. Mtu akilala, pumzi na ngozi yake vinatoa kadiri ya robo litri ya maji kwa usiku mmoja. Wavulana 12 katika chumba kimoja cha enterna wanatoa litri 3. Yale matone yanayotuangukia asubuhi kutoka kwa mabati, na tunafikiri mvua ilipita, ni pumzi yetu wenyewe iliyokutana na bati baridi. Chumba kisicho na hewa kinaleta ukungu ukutani, na kama kati ya wanaolala kuna mmoja mwenye kifua kikuu, anawaambukiza wenzake kwa upesi zaidi.

Basi shida si kwamba hewa inaingia. Shida ni mahali inapopitia. Tunataka isipite juu ya sakafu pale watu wamelala. Ipite juu, chini ya mabati, kwa matundu yaliyo katika kuta mbili zinazotazamana. Nyumba nyingi ziko na matundu hayo juu ya dirisha, na fundi aliyeyaacha alijua kazi yake. Lakini baridi ikifika, watu wanafanya kinyume: wanajaza matambara katika matundu ya juu, na wanaacha uwazi wa chini vile ulivyo. Wanabaki na baridi yote, na hewa mbaya juu yake.

NAMNA ZA KUZIBA BILA KUPOTEZA FRANKA

Mama zetu tangu zamani wanakunja kikwembe cha zamani na kukisukuma chini ya mlango. Si vibaya. Kasoro yake ni kwamba mvua ikipiga mlango kinanyonya maji, na mtu akitoka usiku anakisukuma kwa mguu na hakirudishi. Tunaweza kukiboresha kwa kazi ya mchana mmoja.

Namna ya kwanza ni mfuko mrefu, wengine wanauita nyoka. Chukua mguu wa suruali nzee, ya jini ikiwezekana, urefu wake upite upana wa mlango kadiri ya sentimeta 5 kila upande. Mguu mmoja usipotosha, unga miwili. Shona ncha moja, jaza, shona ncha ya pili. Unajaza nini? Hapo tulibishana sana darasani. Wenye kupenda mchanga wanasema unakaa pale unapowekwa, na ni kweli. Lakini mfuko wa sentimeta 90 wenye unene wa sentimeta 8 unabeba litri 4 na nusu, na litri moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kilo 1 na nusu ao zaidi. Ni kilo 7. Mtoto anayetaka kutoka usiku atapigana nao. Kama moto umeshika nyumba, hatuombi hivyo, lakini kama umeshika, mlango unapaswa kufunguka kwa nguvu za mtoto. Kwa hiyo tunashauri sehemu moja ya mchanga na sehemu mbili za unga wa mbao kutoka kwa seremala. Utapata kilo 3 hivi: unakaa, na hausumbui. Maganda makavu ya kahawa yanafaa pia mahali pa unga wa mbao. Usitie mahindi, maharagi wala pumba za mchele zenye mchele ndani, kwa maana utakuwa umewaita panya uliotaka kuwafukuza. Mchanga ukaangwe ao uanikwe juani mbele ya kuutia. Mchanga wenye maji unaozesha kitambaa kwa majuma machache. Tena utiwe kwanza katika mfuko mwembamba wa ndani, kwa sababu mchanga unakula mishono.

Namna ya pili tunaipenda kuliko zote, lakini inataka sakafu laini, ya simenti ao udongo uliosuguliwa vizuri. Ni mifuko miwili myembamba iliyoungwa na kitambaa katikati. Mmoja unakaa ndani, mwingine nje, na kitambaa kinapita chini ya mlango, hivi kwamba mlango ukifunguka vyote vinaenda pamoja nao. Hakuna wa kukumbuka kurudisha. Kata kitambaa kigumu chenye urefu wa sentimeta 80, sawa na mlango, na upana wa 40. Kunja ukingo mmoja kuelekea katikati mpaka upate mfuko wa upana wa sentimeta 8, kisha shona. Fanya vilevile upande wa pili. Katikati panabaki kadiri ya sentimeta 5 ao 6, ndiyo nafasi ya unene wa mlango. Kama mlango wako ni mnene zaidi, ongeza hapo. Jaza vitu vyepesi tu: unga wa mbao, vipande vya godoro la zamani, majani makavu ya migomba yaliyopondwa. Mchanga haufai hapa, utavuta kitambaa na kukipasua. Mshono wa mkono unatosha, lakini ufanywe mara mbili.

Kwa mlango wa nje unaopigwa na mvua, kitambaa hakidumu. Pale tunatumia mpira wa ndani wa kinga, yaani baiskeli, ule uliokwisha kuzibwa mpaka hauzibiki tena. Ukiukata pale penye valvu unapata karibu meta 2, ndiyo milango miwili. Usiupasue kwa urefu. Uache na pande zake mbili, unakuwa mgumu zaidi na unasimama. Upigilie chini ya mlango kwa nje, misumari mifupi, kila sentimeta 10. Kichwa cha msumari ni kidogo na mpira utachanika, kwa hiyo tia chini ya kila msumari kifuniko cha chupa ya limonadi kilichopondwa. Mafundi wanaotengeneza mabati wanafanya vile, na hawalipi kitu. Mpira uguse sakafu tu, usijikunje sana, sivyo mlango utakuwa mzito. Wale wanaotengeneza chukudu kule Goma na Butembo walijua mbele yetu kwamba tairi iliyokufa bado iko na kazi nyingi: wanaivika magurudumu ya mti, na magurudumu yanabeba mizigo mizito milimani.

Dawa ya kudumu ni kizingiti. Kama sakafu ni ya simenti, changanya simenti kipimo kimoja na mchanga vipimo vitatu, maji kidogo, ujenge ukingo wa sentimeta 2 ao 3 ambao mlango utakutana nao ukifungwa. Kwaruza sakafu ya zamani na uiloweshe kwanza, ama ukingo utabanduka. Funika kwa majani yenye maji siku tatu. Kama sakafu ni ya udongo, udongo wa kichuguu uliochanganywa na mavi ya ng'ombe unashika vizuri, lakini utapaswa kuurudilia mara kwa mara. Kizingiti kinazuia maji pia. Wazee wataujikwaa juma la kwanza, muwaonye.

JAMBO LA MBABULA

Tungeweza kumaliza hapa. Lakini mwalimu alituuliza: "Mumefunga mlango vizuri. Sasa mama anaingiza mbabula ndani kusudi watoto wapate joto. Kunatokea nini?" Tulikaa kimya.

Mkaa unaowaka, yaani makala, unatoa gazi mbili. Moja ni dioksidi ya kaboni, CO2. Nyingine ni monoksidi ya kaboni, CO, inayotoka zaidi pale ambapo oksijeni ni kidogo. Hii ya pili haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Inaingia katika damu na kushika hemoglobini kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haibebi tena kile mwili unachotaka. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, magoti yanalegea. Kama yuko katika usingizi hasikii kitu. Watu wamekufa hivi katika inchi nyingi, jamaa nzima kwa usiku mmoja, na asubuhi majirani wanatafuta mchawi.

Watu wanasema: "Makala ikikwisha kuwa mekundu, moshi umeisha, hakuna hatari." Hapana. Moshi ndio unaoisha. Gazi haionekani, na makala mekundu yanaendelea kuitoa, hata yakifunikwa na majivu. Wengine wanasema ukilala chini utaokoka, ao ukilala juu ya kitanda. Tuhesabu: CO ina 12 na 16, jumla 28. Hewa ya kawaida ni karibu 29. Uzito ni karibu sawa, basi gazi hii inachanganyika katika chumba chote, juu na chini, kitandani na mkekani.

Mawazo hayo ya kuogopa chini yanatoka mahali. Watu wa Goma na Sake wanajua mazuku, zile gazi za ardhi zinazokusanyika katika mashimo na mabonde karibu na milima ya moto, zinazoua mbuzi na watu. Mazuku ni hasa CO2: 12 na 32, ndiyo 44. Inaipita hewa kwa uzito mara 1 na nusu, kwa hiyo inakaa chini, na anayesimama anaweza kuokoka pale mtoto ao mbwa anapokufa. Gazi ya mbabula haina desturi hiyo. Msichanganye mambo hayo mawili.

Kwa hiyo nyumba yetu mpya, yenye nyoka chini ya mlango na mpira kwa nje, ni nyumba ambayo mbabula haipaswi kuingia wakati wa kulala. Zamani uwazi wa chini ulikuwa unasaidia kidogo bila watu kujua. Tukiuziba, tumeondoa msaada huo. Matundu ya juu yabaki wazi, lakini hata hayo hayatoshi kufanya mbabula kuwa salama. Kama mnataka joto, chemsheni maji nje, mtie katika chupa ngumu ao bidoni yenye kifuniko kizuri, mfunge na kitambaa, muweke penye miguu ya watoto. Jiwe lililokaa karibu na moto na kufungwa katika gunia linafanya kazi hiyo pia. Mbabula ilale nje.

Mkikuta mtu amelegea katika chumba chenye makala, fungueni mlango na madirisha, mvuteni nje mbele ya yote, msikae ndani kumuuliza maulizo. Kisha kituo cha afya, hata akifungua macho. Katika hewa safi mwili unachukua kadiri ya saa 5 kuondoa nusu tu ya gazi hiyo. Kule hospitali kuna oksijeni inayoharakisha kazi. Maziwa hayaiondoi.

MAULIZO

1. Mlango una upana wa cm 75 na uwazi wa cm 2. Hewa inaingia kwa mwendo wa cm 40 kwa sekunde. Chumba kina meta kubiki 27. Hewa yote inabadilishwa kwa muda gani?

2. Katika nyumba moja watu sita wameamka na maumivu ya kichwa, wote asubuhi moja. Yaya wao, aliyelala kwa jirani, haumwi. Nyuma ya saa mbili shambani wote wanasikia nafuu. Mama anataka kununua dawa ya malaria. Mtamwambia atafute nini ndani ya nyumba, na kwa sababu gani?

3. Kila mtu apime uwazi wa mlango wa kwao, sehemu tatu: kushoto, katikati, kuume. Wa enterna wapime mlango wa chumba wanacholala. Aandike pia kama matundu ya juu yako wazi ao yamezibwa. Karatasi ziletwe kwa mwalimu wa fizika mbele ya siku ya Ijumaa.